Kwa Remmy Wapo?

"Kwa Remmy wapo?"

Konda aliuliza mara mbili, huku akizichezesha sarafu kiganjani. Msichana niliyekaa naye akaitikia "wapo!" bila kuinua uso kwenye simu. Mimi nina ugonjwa wa kudadisi, basi nikamuuliza kama anamjua huyo Remmy anayeshukia kwake. Akanitazama kama nimemuuliza maji yana miaka mingapi. "Si kituo tu, anko?" Akashuka zake.

Remmy Ongala hakuwa mtu wa Sinza, wala wa Dar es Salaam. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji ulio ukingoni mwa mto Lualaba, mashariki ya Kongo. Hapa aliingia 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akawa kinara wa Super Matimila, akaweka maskani Sinza, na Desemba 2010 akafariki. Sidhani kama kuna kikao chochote cha madiwani kilichokaa kupitisha jina la kituo. Watu walikuwa wakishuka pale kwa sababu ni kwa Remmy, konda akaita alivyosikia abiria wakiita, basi. Mkongo mwenye rasta akawa anwani.

Hilo ndilo ninalolizungusha kichwani kila nikipanda daladala. Katika mji huu makumbusho ni mdomo wa konda. Nyumba zinavunjwa, mitaa inabadilishwa majina, lakini wageni waliotujengea mji tunawataja kutwa nzima tukiwa tumening'inia mlangoni. Ukienda upande wa Temeke utashushwa Mtoni kwa Azizi Ali, na nusu ya wanaoshuka hawajui kwamba Aziz Ali alikuwa mjenzi, baba yake Dossa Aziz, yule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Tunawataja kama tunavyokohoa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sababu zake za kumpenda Remmy. Bibi alikuwa Mmanyema wa Ujiji, na Kindu ndiyo Manyema yenyewe. Redio ikipiga wimbo wake alikuwa anaacha kuchambua mchele, anasema "huyo mwanetu huyo," kisha anatutazama sisi wajukuu mmoja mmoja kuona kama kuna wa kumbishia.

Umanyema si kabila moja. Ni kapu. Humo mna Wakusu, Wabwari, Wagoma na wengine wengi wa ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, waliovuka kuja huku karne ya kumi na tisa wakati misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Wako waliovuka wakiwa wafanyabiashara, wako waliovuka wakiwa wapagazi, na wako waliovuka wamefungwa. Wakifika Ujiji wote wakawa Wamanyema, Waislamu, Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Ukimuuliza Bibi babu yake alivukaje ziwa, jibu lake lilikuwa maneno matatu, hakuongeza wala kupunguza: "Alikuja na watu." Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwa nini hakuwahi kusema ni watu gani.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Bibi aliipanda zaidi ya miaka arobaini baadaye, ni mke mbichi, kumfuata Babu aliyekuwa amepata kibarua bandarini. Alikuja na godoro la sufi na madebe mawili ya mawese. Nyumba waliyoipata Kariakoo ilikuwa ya Kiswahili hasa: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, choo na jiko nyuma, na mbele baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya watu. Majirani walikuwa Wazaramo upande mmoja, Mshihiri muuza kahawa upande wa pili, na mkabala Wanyamwezi wawili mafundi viatu. Wazaramo walimcheka Bibi kwa mchuzi wake mwekundu. Kwao mboga isiyo na nazi ni mboga ya mgonjwa. Alichofanya ni kuweka debe barazani, akaanza kupima mawese kwa chupa za soda. Wateja wa kwanza walikuwa watu wa Kigoma wenzake. Mwaka wa pili au wa tatu, wale Wazaramo walionunua kwa siri kumsingia mtoto ngozi wakawa wananunua hadharani kupikia maharage. Bibi naye Ijumaa alikuwa anakuna nazi. Hakuna aliyetangaza suluhu.

Babu alisali Msikiti wa Manyema, ule wa Mtaa wa Mafia. Msiba ukitokea, watu wa msikiti ndio waliosimamia kila kitu, sanda mpaka chai. Nikiwa mdogo nilidhani kila mtu mjini ana "watu wa msikiti" wake. Sikuwa mbali na ukweli. Wahindi walikuwa na jamatini zao na mahekalu yao Kisutu, Wagoa walikuwa na Kanisa la Mtakatifu Yosefu na klabu yao. Mtu aliyefika mjini bila ukoo alitafuta kwanza watakaomzika.

Sasa, nani mwenyeji? Swali hili huzua ugomvi barazani mpaka kahawa inapoa. Mzaramo atakwambia hapa palikuwa Mzizima, nchi ya mapazi, wakuu wao wa jadi. Mshomvi atakwambia pwani ilikuwa yake, halafu ukimbana atakusimulia kwamba wazee wake walitoka Barawa, kule Somalia. Sultani Majid bin Said alianza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, akafa 1870, na mdogo wake Barghash akauacha ukaote majani. Wajerumani waliuokota, na mwaka 1891 wakauhamishia makao makuu kutoka Bagamoyo. Hakuna tabaka la mji huu ukilichimba usikute mtu aliyeshuka na mzigo.

Shuka Posta, nenda mpaka kwenye sanamu ya Askari. Wengi wetu tunaitumia kama alama ya miadi: "nikukute Askari." Kabla yake, tangu 1909, mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Wissmann amesimama juu, na chini yake askari mweusi anashusha bendera kumfunika simba aliyekufa. Waingereza waliiteka wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na huko miaka ya 1960 wanafunzi wakaivutia kamba na kuiangusha. Mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya sasa, askari yuko peke yake na bunduki yenye singe. Ukiinama kusoma, kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni mstari wa Kipling. Sina haja ya kumsifu, lakini kwa hilo alisema kweli: makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita kuu ya kwanza, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Wapagazi hao walikusanywa na jeshi la Waingereza, kikosi kikiitwa Carrier Corps, na mdomo wa mjini ukakitafuna mpaka kikawa Kariakoo. Nairobi nao wanayo yao. Yaani tunapokwenda kununua mapazia tunakwenda kwenye kambi ya wapagazi, na tunapita Mtaa wa Mahiwa, jina la mahali kule kusini ambako Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalichinjana vibaya mno.

Yule askari wa shaba, ukiniuliza mimi, huenda alikuwa mgeni pia. Wissmann alipotumwa 1889 kumzima Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani pale Pangani na Bagamoyo, hakuwa na imani na watu wa pwani. Alikwenda Cairo akaajiri Wasudani wapatao 600, na kutoka Msumbiji akaleta Wazulu na Washangani. Walishinda, wakalipwa, na wengi hawakurudi kwao. Mmoja wa Wazulu hao aliitwa Sykes Mbuwane. Husimuliwa kwamba alizama mto Ruaha akirudi kutoka kwenye vita dhidi ya Mkwawa wa Uhehe. Mwanawe, Kleist Sykes, alizaliwa 1894, akapigana vita kuu ya kwanza akiwa upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na mwaka 1929 akawa katibu mwasisi wa African Association. Mwana wa Kleist, Abdulwahid, aliongoza chama hicho kabla ya Nyerere, na mwaka 1954 chama kikawa TANU. Mtaa wa Kipata, ilikokuwa nyumba yao, leo ni Mtaa wa Kleist Sykes. Wauza spea wa pale wanautamka "Klaisti".

Hebu simama hapo kidogo, maana mji una mizaha. Spika wa mwisho wa Tanganyika kabla ya jamhuri alikuwa Abdulkarim Karimjee, Mbohora wa ile familia iliyoacha jina lake kwenye Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge lilikuwa likikaa. Mwaka 1962 kiti chake kilikwenda kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule yule Mkwawa. Kwa hiyo nchi iliingia ujamhuri ikiwa na chama kilicholelewa na wajukuu wa askari aliyetumwa kumpiga Mkwawa, na Spika mjukuu wa Mkwawa, aliyempokea kiti Mhindi. Ningekuwa mtunzi wa hadithi nikaandika hivyo, mhariri angeniambia nimezidisha.

Habari ya Wahindi nimeikalia ndani, si kwa mfano. Baba alikuwa karani serikalini, na mwaka 1979 alipata nyumba ya Msajili, Uhindini. Waliozaliwa juzi hawajui Msajili ni nani. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 likawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Uhindini ndiko majengo hayo yalikokuwa. Wenyewe wengi wakafunga masanduku, wakaenda Canada na Uingereza. Sisi, watoto wa makarani, tukaingia.

Ghorofa letu lilikuwa la tatu. Juu ya mlango wa chini, kwenye plasta, palikuwa na tausi wawili wanaotazamana, na chini yao mwaka 1937 na maandishi ya Kigujarati ambayo hakuna aliyeyasoma. Sebuleni, kwenye dari, kulikuwa na pete mbili za chuma nene, zimezamishwa kwenye zege. Sisi watoto tulikuwa na nadharia zetu. Kaka yangu alishikilia kwamba Mhindi aliyehama alikuwa akiwaning'iniza hapo wadeni wake. Mama alitundikia chandarua cha mgeni. Miaka mingi tukalala chini ya pete zile.

Siku moja jirani wa ghorofa ya pili, mama wa Kihindu aliyebaki, alipanda kumletea Mama bizari. Macho yakamwendea kwenye dari, akacheka, kisha hakucheka. Akasema pale palikuwa na bembea, ubao mpana wenye minyororo ya shaba, na kwamba jioni bibi wa nyumba alikuwa anaketi hapo kumenya vitunguu saumu huku mjukuu akimsukuma kwa mguu. Alijua kwa sababu alikuwa akipanda kucheza na watoto wa humo. Akataja wako mji gani sasa huko Canada, akasema baridi ya huko haiwezi bembea. Mama alimshukuru kwa bizari. Ile chandarua tuliitoa, sijui kwa nini, hakuna aliyesema itolewe.

Baba mpaka anakufa aliisifu sheria ile. Alikuwa amekulia chumba kimoja na ndugu sita, na alikumbuka vizuri jinsi mji ulivyopangwa: Wazungu upepo wa bahari, Wahindi katikati, halafu uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uachwe kama ukuta, na Waafrika ng'ambo yake. Kwake ghorofa lile lilikuwa deni lililolipwa. Mimi naona alikuwa na haki, na yule bibi wa bembea naye alikuwa na haki. Nimeshindwa kuzijumlisha, na nimeacha kujaribu.

Mhindi ambaye jina lake limegoma kuondoka ni mwingine kabisa. Mama alipougua tulimpeleka Muhimbili. Ndugu walikuwa wakipiga simu, "amelazwa wapi?" nami najibu "Sewahaji," kama kila mtu anavyojibu, kama vile ni jina la ugonjwa. Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo 1851. Alitajirika kwa misafara; wazungu waliotaka kwenda bara walipata kwake shanga, vitambaa na wapagazi. Fedha hiyo hiyo ya wapagazi akaitoa kujenga hospitali ya watu weusi na Wahindi hapa Dar es Salaam, enzi ambayo Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Alifariki 1897. Hospitali yake ilitumika mpaka ilipofunguliwa mpya mwaka 1956, ile tunayoiita Muhimbili, na wagonjwa walipohama, jina likahama nao, likakaa kwenye jengo la wodi. Nilikaa kwenye benchi la nje usiku wa pili nikiwaza kwamba huenda babu yake Bibi, yule aliyekuja na watu, alibeba mzigo wa Sewa Haji. Haiwezekani kujua. Mama alitoka siku ya tisa.

Nyumba ya Kariakoo haikutoka salama. Bibi alifariki 1998, na mirathi ikachukua miaka kumi na sita, kwa sababu warithi walikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alikuja na wakili au na mganga. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, tuliambiwa jalada halionekani. Jalada likaonekana wiki ile ile alipojitokeza mnunuzi. Nikaenda siku ya kuvunja. Nilitegemea nyundo na vumbi la siku mbili, kumbe kijiko kilimaliza kabla ya adhuhuri. Kuta zilikuwa miti na udongo ndani, saruji ni ngozi tu. Baraza ndiyo iliyogoma. Ilibidi waipige kwa tindo, na pale lilipokuwa debe la mawese saruji ilikuwa na duara jekundu lililozama mpaka chini, kwenye kokoto. Niliokota kipande. Nikakiweka mfukoni, kikanitoboa suruali.

Leo pana ghorofa nane, fremu za maduka chini mpaka juu, na stoo chini ya ardhi. Mji wenyewe umefura: sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwenye ghorofa hilo la Kariakoo (bado naliita letu) orofa ya pili kuna dada wa Kichina anauza mikoba ya jumla. Kiswahili chake ni cha Kariakoo safi, anasema "boss, chukua dazani nikupunguzie". Mwaka 2025 maneno yalikuwa mengi kuhusu Wachina wa Kariakoo, na Julai serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ndogo ndogo. Nawaelewa wamachinga, fremu zimepanda bei hazishikiki. Ila nikiwasikia wakisema "hawa wageni wametukuta," nakumbuka wale Wazaramo na mchuzi wa Bibi, nameza mate. Huko Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa kujenga reli ya TAZARA, yamepangwa safu kwa safu kama darasa. Wamo ardhini tangu nikiwa sijazaliwa.

Mwezi uliopita nilinunua kapeti pale Kariakoo, nikahitaji bodaboda. Kijana wa mkokoteni aliyenibebea akampigia mwenzake simu: "Njoo upande huu wa Mawese. Mawese bwana, pale kona!"

Nikamwambia rudia. Akarudia. Bodaboda alipofika, mtoto wa miaka ishirini hivi, nikamuuliza mbona hapa panaitwa Mawese.

"Sijajua mkubwa," akasema, anafunga kapeti kwa mpira. "Wanasema kuna lori la mawese lilipinduka hapa kitambo. Barabara nzima ikawa nyekundu, watu wanachota na ndoo."

"Lilikuwa linatoka wapi?"

"Kigoma, itakuwa. Panda twende, kunakuja foleni."

Nikapanda.